Mjomba, nilipe ada ya taasisi ya wahandisi nikiwa huku Kigoma?

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni binti wa miaka 26, mhandisi ujenzi. Nilisoma Dar es Salaam, nikarudi nyumbani Kigoma, na sasa nafanya kazi kwa mkandarasi mmoja wa barabara. Tuna kipande cha moramu na makalavati yake upande wa Mwandiga. Nimeshasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kama mhandisi mhitimu, na niko kwenye ule mpango wa miaka mitatu wa mafunzo kwa vitendo, SEAP. Hapo sina ubishi, sheria ni sheria.

Ubishi umeanza na kaka mmoja niliyesoma naye ambaye alibaki Dar. Kila akipiga simu ananisisitiza nijiunge pia na Taasisi ya Wahandisi Tanzania, IET. Nikimuuliza nitapata nini, jibu lake ni moja: "Koneksheni, dada." Mjomba, koneksheni ya mtu wa Dar naielewa. Anatoka kazini, anapita kwenye semina, anakunywa soda na mabosi watatu, anapanda daladala anarudi kwake. Mimi huku koneksheni yangu ni fundi mkuu, dereva wa greda na mama anayetuletea ugali na migebuka saa saba.

Nilimuuliza bosi wangu kama kampuni inaweza kunilipia. Alicheka. Akasema, "Kadi haimwagi zege."

Kuna jambo lingine, na huenda ndilo lililonifanya nikuandikie. Wiki chache zilizopita tulikuwa tunamwaga kuta za kalavati. Jua lilikuwa kali na zege likaanza kukaza kwenye matoroli kabla halijafika. Fundi akaagiza waongeze ndoo za maji kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia zege. Nikakataa. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, mimi nimeanza kumwaga zege wewe hujazaliwa." Bosi alipopigiwa simu akasema tumsikilize fundi, kazi iishe. Msimamizi wangu wa mafunzo yuko mkoa mwingine na siku hiyo hakupatikana hewani. Nilibaki nimesimama na koni yangu ya kupimia ulaini wa zege, sina hata mtu mmoja wa kumuuliza. Maji yakaongezwa. Kyubu nilizochukua siku ile, yaani vipande vya zege vya sampuli, bado ziko kwenye pipa la maji zinasubiri siku 28 zivunjwe kupimwa nguvu.

Basi Mjomba, naomba uniambie: ikiwa tayari niko ERB, hiyo IET ni ya nini? Mtu wa Kigoma anafaidika na nini? Na rafiki mwingine anasema niachane na hizi za hapa, nijiunge na zile za Uingereza au Marekani kwa mtandao, ndizo zinazouza CV. Nifuate lipi?

Halafu samahani, la mwisho ni dogo: mama yangu huko Ujiji ananitambulisha kwa kila mtu kama "injinia". Nikilipa hiyo ada, nitaruhusiwa kuandika Eng. mbele ya jina?

Wako,
Binti wa Saiti, Mwanga, Kigoma

JIBU LA MJOMBA

Marahaba mwanangu. Tuanze na zege, ada itatusubiri.

Hizo kyubu ulizichukua kabla ya maji kuongezwa au baada? Barua yako haikusema, na hapo ndipo penye kazi yote. Kama ulizichukua kabla, zitapita vizuri siku ya 28, kila mtu atapeana mikono, na hazitakuwa zimekwambia lolote kuhusu zege lililoingia ukutani, kwa sababu ni zege lingine. Maji yaliyozidi kiasi ambacho saruji inakihitaji hayageuki kuwa nguvu. Hubaki ndani, yakikauka huacha matundu madogo madogo, na ukuta unakuwa dhaifu kuliko ulivyoandikwa kwenye mchoro. Kwa hiyo usingoje pipa likupe jibu. Andika leo kwenye daftari la saiti tarehe, ukuta gani, ndoo ngapi kama ulihesabu, nani aliagiza, na wewe ulisema nini. Mpelekee msimamizi wako wa mafunzo kwa maandishi, si kwa simu tu, naye afikishe kwa mhandisi msimamizi wa mradi. Kisha ombeni ukuta wenyewe upimwe: kuna nyundo ya kugongea inayotoa makisio ya ugumu wa uso, na ikileta mashaka mnakata vipande kwenye zege lenyewe na kuvivunja maabara. Huenda ukuta uko salama. Sawa, lakini iwe imejulikana hivyo kwa kipimo, si kwa umri wa fundi.

Na kesho zege likianza kukaza tena, ujue yapo majibu mengine kabla ya ndoo. Mwageni alfajiri, kokoto ziwekwe kivulini na kulowanishwa, mikisa isogezwe karibu na kalavati, au mkandarasi anunue kemikali ya kulainisha zege na muijaribu kabla ya siku ya kazi. Fundi wako si adui. Anaona zege halimwagiki na anatumia dawa pekee aliyofundishwa.

Sasa angalia: lile swali la "kabla au baada" halikuhitaji kipaji. Mhandisi yeyote aliyekwishavunja kyubu nyingi maishani angekuuliza hivyo hivyo kabla hujamaliza kusimulia. Wewe hukuwa na mtu huyo kwenye simu yako. Ukiniuliza ada ya taasisi inanunua nini, jibu langu ni watu wa namna hiyo. Hayo mengine, kadi, kalamu na mkoba wa kongamano, ni mapambo.

Bodi na taasisi ni vitu viwili, na wengi huvichanganya hata wakiwa na mvi. ERB ni chombo cha serikali. Kimekuwepo tangu 1968, na sheria inayokiongoza leo ni ya 1997 pamoja na marekebisho yake ya 2007. Bila kusajiliwa huruhusiwi kufanya kazi ya uhandisi nchini, na ukiharibu, bodi ndiyo inayokuita na inaweza kukufuta. Kazi yake ya kwanza ni kumlinda mwananchi atakayepita juu ya kalavati lako, hata kama ni kumlinda dhidi yako. IET, iliyoanza 1975, ni jumuiya ya hiari ya wahandisi wenyewe. Haiwezi kukufungia kazi wala kukupa kibali cha kuifanya. Wanachama wanakutana, wanasomeana mada, wanabishana, wanalea wadogo, na wanapeleka sauti ya taaluma serikalini pale sera ya ujenzi, maji au umeme inapoandikwa. Ukibanwa na pesa ya kulipia kimoja tu, lipa bodi bila kufikiri mara mbili.

Lakini usidhani hiyo hiari haina uzito kwenye safari yako ya bodi. Ukimaliza SEAP na kuomba kupanda kuwa mhandisi mtaalamu, utatakiwa uonyeshe kazi ulizofanya, wahandisi wataalamu wathibitishe kwamba wanakufahamu na kazi yako wanaijua, na uketi mbele ya watu wakuhoji. Mhandisi anayekujua ni bosi wako tu? Kama ndiye yule wa "kumsikiliza fundi", utamwomba akuandikie nini? Kwa maoni yangu kijana yeyote wa uhandisi ambaye sifa yake yote imeshikwa na mwajiri mmoja yuko kwenye hatari, na walioko mikoani hatari yao ni kubwa zaidi, kwa sababu Dar ukigombana na kampuni moja kuna ishirini nyingine mtaa unaofuata. Kigoma mkandarasi akikununia unaweza kukaa mwaka mzima unauza vocha.

Ndiyo maana rafiki yako anapokuuzia "koneksheni" kama kitu cha watu wa Dar, anakuuzia kinyume. Wa Dar anaihitaji kidogo, wewe unaihitaji sana.

Utasema, Mjomba, nitawapataje hao watu nikiwa zaidi ya kilomita 1,200 za reli kutoka Dar? Nikusimulie kidogo la Waingereza, maana umewataja. Taasisi yao ya wahandisi ujenzi, ICE, ambayo leo watu wanaipigia magoti, ilianza 1818 kwa vijana wachache waliokutana kwenye mgahawa wa kahawa mjini London. Hawakuwa na jengo wala jina kubwa. Uhandisi haukuwa na shule wakati huo, kila mtu alijifunza kazini kwa bwana wake, wakaona ni upuuzi kila mmoja arudie makosa ambayo mwenzake ameshayalipia. Miaka miwili ya kwanza walisuasua. Mwaka 1820 wakampata Thomas Telford, mjenzi wa barabara na madaraja aliyekuwa anasifika nchi nzima, akakubali kuwa rais wao, na hapo milango ikafunguka. Hati ya kifalme waliipata 1828. Yaani kilichotangulia ni kahawa.

Kahawa Kigoma ipo, na wahandisi wapo. Wako kwenye wakala za barabara, TANROADS na TARURA, RUWASA ya maji vijijini, TANESCO ya umeme, mamlaka ya maji, bandarini, na halmashauri zote. Wako kwenye reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ambayo mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Wako Malagarasi kwenye mradi wa umeme wa maji wa megawati 49.5. Wengi wao wanakaa kama wewe, kila mmoja kwenye saiti yake, wanakutana msibani tu. Andikia makao makuu ya IET, uliza wanachama walioko Kigoma na mikoa ya jirani na nani anawaratibu, kisha watafute watano. Mketi Jumamosi moja kila mwezi pale Mwanga, mtu mmoja alete tatizo la saiti yake, lijadiliwe, mnywe kahawa, muondoke. Semina za mtandaoni utazifuata kwa simu yako jioni, bando likiruhusu, na ni nyingi kuliko zamani. Ila usiziache zichukue nafasi ya wale watano. Mtu wa kwenye skrini hawezi kuja saiti kukuangalizia ufa.

Tena una kitu ambacho wa Dar hana. Mikutano ya wahandisi hula mada, na mada za Posta na Kariakoo zimechosha. Ziwa Tanganyika lilipopanda miaka ya karibuni, maji yaliingia kwenye nyumba na miundombinu ya pwani yenu. Nani ameandika kilichotokea kwenye misingi na mitaro? Au ile meli ya ziwani, MV Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapo hapo Kigoma na kushushwa majini 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe, ila mafundi wake walitangulia kuipaka mitambo grisi nzito. Ilipoinuliwa 1924 mitambo ilifaa kufufuliwa, na 1927 meli ikarudi kazini. Mhandisi mitambo wa Kigoma akisimama kwenye kongamano la mwaka na kuzungumzia utunzaji wa mitambo kwa mfano huo, ukumbi utaamka. Wewe si wa mitambo, una kalavati. Andika kurasa nne kuhusu kumwaga zege kwenye joto mahali ambako maabara iko mbali na umeme unakatika. Kijana anayesimama mara moja na mada nzuri anakumbukwa kuliko aliyehudhuria semina kumi akiwa kiti cha nyuma.

Kwa kuwa wewe ni mwanamke, jua pia IET ina kitengo cha wahandisi wanawake ambacho huandaa kongamano na maonesho yake. Nakutajia si kwa sababu ya sherehe. Lile "wewe hujazaliwa" uliloambiwa, wapo wanawake wenye miaka mingi saitini walioambiwa hilo na mabaya zaidi, na wana majibu yaliyokomaa kuliko yangu. Watafute.

Nikuondolee na matumaini ya bure. Taasisi si chama cha wafanyakazi. Mshahara ukicheleweshwa haitakuja kugoma na wewe, na mkataba wako mbovu hautarekebishwa na uanachama. Haitakupa kazi, itakufanya ujulikane na watu wanaosikia kazi zikitangazwa kabla hazijafika kwako, ambalo ni jambo tofauti. Na ukitaka kazi Kenya au Uganda, ujue makubaliano ya kutambuana yaliyosainiwa Desemba 2012 yanapita kwenye bodi za usajili na yanamhusu aliyefika ngazi ya mhandisi mtaalamu. Huko kadi ya taasisi peke yake haikuvushi.

Wapo wanaolipa kila mwaka na hawajawahi kufungua hata barua pepe moja. Kama unajijua uko hivyo, nunua buti nzuri za saiti kwa pesa hiyo. Sikutanii.

Zile za nje ni nzuri. Wamarekani wa uhandisi ujenzi, ASCE, wapo tangu 1852, na wana machapisho ambayo hupati kokote Kigoma. Wa umeme wana IEEE, ambayo ina ada nafuu kwa wanaoishi nchi za kipato kidogo, na wanafunzi hulipa kidogo zaidi. Kama una mdogo wako chuoni, mwambie ajiunge mahali sasa akiwa bado na ada ya mwanafunzi. Ila kwako wewe, mwaka huu, hapana. Anayesoma ripoti yako ya SEAP yuko Tanzania, udongo wako uko Tanzania, na mkandarasi anayekubana anabanwa na kanuni za Tanzania. Ukishakuwa mhandisi mtaalamu na kipato kikitulia, ongeza ya nje kwa ajili ya vitabu vyake. Kujaza herufi kwenye CV kabla ya kujaza kazi kunachekesha wanaohoji.

Kuhusu pesa: omba fomu ya ngazi ya mhitimu, usikimbilie ngazi ya juu ambayo hujaifikia. Lipa kwenye akaunti rasmi ya taasisi na udai risiti. Akitokea mtu anayekwambia umtumie kwenye namba yake "akuwahishie", mkimbie. Bosi wako usimwombe tena "unilipie ada". Mwandikie kwamba mafunzo ya kujiendeleza ya mhandisi wake yanamsaidia yeye anapoomba zabuni, kwa sababu kwenye zabuni huulizwa wataalamu wake ni akina nani na wana sifa gani, na mwombe achangie nusu. Akikataa, umepata rekodi ya kwamba uliomba. Na ni kweli kadi haimwagi zege. Saini yako je, itakuwa kwenye nyaraka za nani kalavati likipasuka?

Nimebakiwa na Eng. Hapana, ada ya IET haikupi cheo hicho mbele ya jina. Ni suala la usajili wa bodi, na kwenye nyaraka za kazi tumia hadhi uliyosajiliwa nayo, mhandisi mhitimu, mpaka utakapopanda. Mama mwache aendelee kukuita injinia huko Ujiji. Bodi haijawahi kumwita mama wa mtu kwenye kamati ya nidhamu.

Mjomba